Malkia wa Mvua na Watu Wasiojulikana

Jumatano ndiyo siku ambayo komiki mpya za Marekani huingia madukani, na kwangu mimi ndiyo siku ya kujificha. Siwezi kuzima simu, kazi ya habari hairuhusu, lakini nimejifunza kupitisha kidole haraka haraka juu ya kila picha yenye mwanamke wa nywele nyeupe. Mimi husoma kupitia programu ya Marvel Unlimited, na huko toleo hufika takriban miezi mitatu baada ya kuuzwa dukani. Ningeweza kulinunua kidijitali siku ileile, ila ukizigeuza dola kuwa shilingi, tena kila mwezi, unaona afadhali usubiri. Kwa hiyo ninaishi nyuma ya mashabiki wenzangu kwa msimu mzima. Wao wanaomboleza, mimi bado nacheka. Wakianza kucheka, ndiyo kwanza mimi naingia matanga.

Mfululizo unaonitesa hivi unaitwa Storm. Ulianza Oktoba 2024, ukiandikwa na Murewa Ayodele, ambaye ni Mnigeria, na kuchorwa na Lucas Werneck, Mbrazili. Nimewahi kufuata hadithi nyingi za mashujaa, nyingine kwa mapenzi na nyingine kwa ubishi tu wa kutaka kujua zitaishia wapi. Hii nimeifuata kwa sababu nyingine kabisa, na ili nieleze ni ipi inabidi kwanza nimtambulishe mwenyewe.

Jina lake halisi ni Ororo Munroe. Ni mutanti, yaani binadamu aliyezaliwa na uwezo usio wa kawaida, na uwezo wake yeye ni kuamrisha upepo, mvua na radi. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1975, katika Giant-Size X-Men iliyoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Profesa Xavier, anayekusanya kikosi kipya, anamkuta Kenya akiwa anaombwa mvua na umati wa watu wanaomwona kama mungu wao. Naam, Kenya. Mama yake aliitwa N'Dare, binti wa kifalme wa hapa kwetu. Nimezunguka nchi hii kikazi kwa zaidi ya miaka kumi na sijakutana na jina lililokatwa namna hiyo. Ile alama tunayo, iko kwenye ng'ombe na ng'ambo, lakini sisi tunaiweka kwa sababu. Baba yake, David Munroe, alikuwa mpiga picha wa habari kutoka Marekani, kwa hiyo angalau upande wa baba tuna undugu wa kitaaluma.

Hadithi ikaongezwa vipande miaka iliyofuata. Ororo alizaliwa Harlem, akapelekwa Cairo akiwa mchanga, ndege ikaangukia nyumba yao, wazazi wakafa, naye akabaki amefukiwa chini ya kifusi pamoja na maiti ya mama yake. Mpaka leo anaogopa mahali pafinyu, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililompa utu kuliko radi zake zote. Akakua mwizi wa mifukoni Cairo, kisha akatembea kwa miguu kuelekea kusini hadi Serengeti, ambayo kwa mujibu wa ramani za New York ndiyo Kenya hiyohiyo. Watanzania mtusamehe, hatukuulizwa.

Hivi ndivyo tulivyo katika komiki: mandhari. Filamu ya kwanza ya X-Men ilipotoka mwaka 2000, Halle Berry alijaribu lafudhi iliyokusudiwa kuwa yetu, na katika filamu ya pili lafudhi ile ikapotea bila hata kuagwa. Mwaka 2019, Jonathan Hickman alipoandika House of X, mutanti walijipatia taifa lao katika kisiwa cha Krakoa na kuiambia dunia: tutambueni, nasi tutawauzia dawa za kurefusha maisha. Kuna ukurasa mmoja wa orodha ya nchi zilizokataa. Nilipofika Afrika nikaiona Kenya pale. Kifua kikajaa, nikajua sasa tumepewa msimamo. Kusoma maelezo, ati Kenya iko chini ya himaya ya kiuchumi ya Wakanda. Kwa hiyo hata katika dunia ya kubuni, sisi tunafuata anayetushikia mfuko.

Nacheka, lakini si kicheko cha dharau. Zipo kurasa za zamani ambazo sitakubali mtu azicheke. Mwaka 1985, Chris Claremont na mchoraji Barry Windsor-Smith walitoa toleo la 198 la Uncanny X-Men. Nakala yangu niliipata kwenye inama, wale wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa chini kando ya barabara za katikati ya Nairobi mpaka inakubidi uiname ili uchague. Haikuwa na jalada. Katika toleo hilo Storm amepoteza nguvu zake zote na anatembea peke yake katika nchi kavu ya Afrika. Anakutana na mwanamke mjamzito, anamsaidia kufika kwao, anashuhudia uzazi. Kijiji kile kina desturi ngumu: ardhi haiwezi kulisha zaidi ya idadi fulani, hivyo anapozaliwa mmoja, mzee mmoja huondoka. Mzee mwenyewe anaitwa Mjnari, jina ambalo hakuna ulimi wa huku ungelipanga hivyo. Lakini yule mwanamke anaitwa Shani. Shani! Neno letu kabisa, la kitu kigeni cha kushangaza, kitu ambacho hakijaonekana kabla. Sijui kama Claremont alijua maana yake au lilimwangukia tu. Hakuna mungu wala radi katika kurasa zile, kuna watu wenye njaa na heshima yao, na mwanamke aliyezoea kuabudiwa akijifunza kuwa mkunga. Niliposoma mara ya kwanza nilikaa nayo kimya mpaka chai ikapoa.

Hapa wasomaji wa fasihi huwa wananiuliza: sawa, lakini mhusika huyu ni wa nani hasa? Wameandika watu wangapi? Wengi mno kuwahesabu. Ni kweli. Ukimchukua Willy Gamba, yule jasusi wa Elvis Musiba tuliyemkimbiza kurasa kwa kurasa tangu Kufa na Kupona, yule ana baba mmoja. Storm ana baba zaidi ya ishirini na kila mmoja amemlea kwa tabia zake. Mmoja alimnyoa nywele akamvika ngozi nyeusi mwaka 1983. Huyohuyo baadaye alimfanya amshinde Cyclops bila nguvu zozote na kuchukua uongozi wa X-Men. Mwaka 2006 wakamwoza kwa T'Challa, mfalme wa Wakanda, na mwaka 2012 wakaivunja ndoa katikati ya vita vya kampuni kana kwamba ni mkataba wa nyumba ya kupanga.

Mimi jibu langu limekuwa Abunuwasi. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad, wa karne ya 8 na ya 9, mtu halisi. Alivuka bahari kwa vinywa vya watu, akashuka Pwani, na sisi tukamfanya wa kwetu. Bibi yangu alikuwa akimsimulia kama jirani aliyehama mtaa wa pili. Hakuna aliyemwomba mtu ruhusa. Kama sisi tuliweza kumchukua mshairi wa Baghdad tukamtia nazi, basi Wamarekani kumbuni mwanamke wa Kenya si dhambi, na sisi kumsimulia upya si wizi.

Tatizo la hoja yangu ni kwamba Abunuwasi hana mwenyewe. Storm ana mwenyewe, tena mwenye mawakili. Disney iliinunua Marvel mwaka 2009. Bibi yangu angemwongezea Storm kisa kimoja na kukichapisha, angepata barua. Anayetaka kumsimulia lazima aalikwe mezani, na kwa muda mrefu mno mezani hapakuwa na mtu wa bara hili. Ndiyo maana nilipoona jina la Ayodele kwenye tangazo nilisimama. Si kwa sababu Mnigeria anaijua Kenya. Hapana, sisi na wao tunajuana kwa mpira, filamu na matusi ya mitandaoni. Ila angalau ni mtu ambaye anapoandika neno mungu wa mvua, hana haja ya kulitafuta kwenye ensaiklopidia.

Sasa tuje kwenye hadithi yenyewe, na ambaye hataki kuharibiwa utamu aruke aya chache.

Toleo la kwanza linaanza na msiba. Kinu cha nyuklia kimelipuka Oklahoma. Storm anaingia katikati ya moto na mionzi, anazuia maafa yasisambae, anaokoa watu. Mpaka hapo ni kazi ya kawaida ya shujaa, unaweza kuisoma huku unasubiri matatu. Kisha inajulikana kwamba kilicholipua kinu hakikuwa uzembe wa wahandisi. Alikuwepo kijana, mutanti, ambaye nguvu zake zilimtokea ghafla asijue kuzizuia. Na Storm, aliyejenga makao yake mapya Atlanta, aliyeingia kwenye kikosi cha Avengers ili watu wa kwao wawe na sauti mahali panaposikika, anajua vizuri dunia itafanya nini na habari hiyo. Watu waliotafuta sababu ya kuwachukia mutanti watakuwa wameipata, tena imefungwa kwa utepe.

Anaisema. Hadharani. Chanzo kilikuwa mmoja wetu.

Nilikuwa nimelala kitandani nikisoma, nikaketi.

Mimi nilianza kazi ya habari karibu na uchaguzi wa mwaka 2013. Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu ule wa Desemba 2007, ambao machafuko yake yaliua zaidi ya watu 1,100. Wote tulikuwa tumekula kiapo ambacho hakikuandikwa popote: safari hii hatutachoma nchi kwa kalamu. Kiapo kizuri. Lakini polepole kikaanza kufanya kazi ambayo hakikukusudiwa. Habari ikiwa na kabila ndani yake, inapoozwa. Ikiwa na jina, jina linatolewa. Wakosoaji walisema waziwazi kwamba vyombo vya habari vya Kenya mwaka ule vilijiziba midomo vyenyewe, na mtu aliyekuwa ndani hawezi kubisha kwa sauti kubwa.

Miaka michache baadaye nilitumwa Pwani, karibu na nilikozaliwa. Usiku mmoja nyumba ya familia iliyohamia kutoka bara ilichomwa moto. Ulikuwa ule mgogoro wetu usiokwisha wa mashamba, nani mwenyeji, nani skwota, nani aliuziwa na nani. Hakuna aliyekufa, lakini kila kitu kiliteketea, pamoja na vyeti vya shule vya watoto. Watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia ni vijana wa kijiji kile. Baadhi ya mama zao nawaamkia shikamoo tangu utotoni. Niliandika hivyo: vijana wa kijijini, bila majina, kwa kuwa polisi walikuwa hawajamshtaki mtu. Asubuhi gazeti likatoka na maneno "watu wasiojulikana". Mhariri aliniambia kwa upole kabisa kwamba uchaguzi uko karibu na kuna maneno ambayo yakishatoka hayarudi.

Mjomba wangu alipiga simu kabla ya saa tatu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Umetusitiri, mwanangu. Mungu akuweke." Nilisikia nyuma yake watu wanacheka kwa furaha.

Jioni akapiga yule mama mwenye nyumba. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, "Dada, hao wasiojulikana, si ndio niliowapikia mihogo juzi?"

Kwa hiyo mnielewe. Ninaposema kwamba ukurasa wa Storm ulinikalisha kitako, sizungumzii ujasiri wa kurusha radi. Nazungumzia mwanamke ambaye watu wake wamekaliwa kooni, ambaye uongo mmoja mdogo ungewasitiri, na ambaye anafikiria pia wale waliozika wapendwa wao Oklahoma na kuona kwamba nao wana haki ya kujua kilichowaua. Uongo ule usingemgharimu chochote. Angeitwa mwenye busara.

Mwenzangu mmoja wa dawati la michezo, naye ni shabiki, hakubaliani nami hata kidogo. Tulibishana mpaka chakula cha mchana kikaisha. Yeye anasema Storm alikosea, kwamba kiongozi wa watu wanaowindwa hana ruhusa ya kuwa msafi kwa gharama ya watoto wao, na kwamba kijana yule hakuua kwa kusudi kwa hiyo kumtaja ni kumhukumu mara mbili. Ana hoja. Tena hoja nzuri kuliko ile aliyonipa mhariri wangu, kwa sababu yeye anamfikiria kijana, si uchaguzi. Lakini nilimwuliza swali ambalo bado hajanijibu: ukweli huo ukija kutoka kinywani mwa adui yako miezi sita baadaye, utakuwa na sura gani? Storm aliposema yeye, alisema pamoja na machungu yake. Aliwahi kuitengeneza sentensi kabla wengine hawajamtengenezea. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuungama na kufumaniwa.

Kinachonipendeza zaidi ni kwamba Ayodele hakumwacha aseme ukweli akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi. Mionzi ile ya Oklahoma inamwingia mwilini. Anaugua, na ni ugonjwa kweli, wa kumdhoofisha mtu siku baada ya siku, si ule wa komiki wa kukohoa mara moja. Werneck anamchora mrembo hata katika kudhoofika, na ingawa mara nyingine natamani angethubutu kumchora mbaya, siwezi kukana kwamba mkono wake unajua kitambaa. Mavazi ya Storm katika mfululizo huu yanatembea na upepo wake mwenyewe. Kuna kurasa ambazo nimezikuza kwenye simu mpaka nione mishono.

Kisha, jamani, hadithi inapaa. Inapaa mno. Kutoka kinu cha nyuklia tunakwenda kwa Doctor Doom, kutoka kwa Doom tunakwenda kwa miungu, na Storm anakuja kuwa chombo cha Eternity, yule anayebeba ulimwengu wote ndani yake. Kila toleo lina mawazo ambayo mwandishi mwingine angeyagawa kwa mwaka mzima. Wapo mashabiki wanaoipenda kasi hiyo na ninawaelewa. Ni kama ngoma ambayo mpigaji hataki kupumzika ili usipate muda wa kukaa. Ila mimi ni mtu wa Oklahoma. Kila Eternity anapofungua macho yale yenye nyota, mimi nawaza wale waliozika watu wao. Nawaza kijana yule. Naona swali kubwa lililoulizwa chini, ardhini, likifunikwa taratibu na mbingu, na sitaki lifunikwe, kwa sababu kwangu mimi mbingu si jibu.

Nimeweka dau na mwenzangu wa michezo. Yeye anasema Oklahoma imekwisha, ilikuwa ngazi tu ya kupandia kwenye vita vya miungu. Mimi nasema Ayodele ataturudisha, hata kama ni kwa ukurasa mmoja, hata kama ni mtu mmoja tu aliyepoteza nyumba anayemwuliza Storm swali kwa sauti ya chini. Dau ni chapati kumi. Kama ningeruhusiwa kuongeza la pili, ningetaka atufikishe kwa watu wa N'Dare na awape jina, lugha, na angalau jirani mmoja mbishi. Miaka 50 ni mingi kwa watu kusimama nyuma ya picha wakisubiri mvua.

Anayetaka kuanza, asianzie 1975. Aanze na lile toleo la 198 la Uncanny X-Men, la Shani, halafu aruke moja kwa moja hadi Storm namba moja ya 2024. Yanasomeka pamoja vizuri kuliko nilivyotarajia. Katika lile la kwanza hana nguvu ya kumsaidia yeyote isipokuwa kwa mikono, katika hili la pili ana nguvu za kutosha kuficha jambo. Mkimaliza, niambieni mko upande wa nani, wangu au wa dawati la michezo. Ila aliye mbele yangu kwa miezi mitatu, tafadhali, asiniambie nani anakula chapati.